KABURINI BABA AMEKUFA, KWENYE KARATASI YU HAI: NANI HASA ANAWAZUIA WATOTO WETU KWENDA CHUO?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa Kisaki, na nyote mnaosoma kutoka Bwakila, Duthumi, Mvuha, Matombo, Morogoro mjini na kokote mliko.

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Leo sina maneno matamu. Atakayekasirika anisamehe, lakini asome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mwezi wa saba, tunapiga takbira. Mtoto wa fulani kapata daraja la kwanza! Tunampa mkono, tunamwombea dua, akina mama wanapiga vigelegele. Ikifika mwezi wa kumi na moja, wenzake wako chuoni, yeye tunamwona stesheni anabeba magunia. Tukiulizwa, tunajibu: "Serikali haikumpa mkopo." Au: "Riziki yake haikuwa huko."

Mimi nasema hapana. Mara nyingi aliyemzuia mtoto yule ni mimi na wewe. Alifaulu mtihani wake, sisi wazee tukafeli wetu. Kisha kufeli kwetu tukakufunika kanzu tukakuita qadar.

MAITI NILIYEMSWALIA MWENYEWE

Yupo kijana wa hapa ambaye baba yake nilimswalia mimi. Nilisimama mbele ya jeneza, nikahesabu takbira nne, nikashuka mpaka makaburini, nikasoma talkini. Watu walikuwa wengi. Khitma ilisomwa, pilau ililiwa, arobaini ikafanywa.

Miaka mitatu baadaye kijana akamaliza kidato cha sita, akaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Yatima anapoomba anatakiwa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi, kilichohakikiwa. Cheti hakikuwapo. Hakuna mtu aliyekwenda kusajili kile kifo. Mama alikuwa kwenye eda, baba wakubwa walikuwa wanagombania shamba la ufuta, na mimi imamu nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu ya kuswalisha.

Basi ombi la kijana likasomeka kama ombi la mtoto mwenye baba aliye hai. Kaburini baba amekufa, kwenye karatasi yu hai. Wenzake mayatima wakapimwa kwa uyatima wao, yeye akapimwa kama mtoto anayelelewa na wazazi wawili. Akakosa.

Alipokuja kunieleza, alisema neno moja tu: "Shekhe, si wewe ulimzika?"

Ndugu zangu, lile swali bado liko shingoni mwangu. Nilikuwa shahidi wa kifo kile, na mtaa mzima ulikuwa shahidi. Lakini ushahidi wetu ulikuwa wa kula pilau. Ulipohitajika uandikwe, hakuna aliyesimama.

UDHURU WA KWANZA: "MUNGU ATATOA"

Hili ndilo neno letu tunalolipenda. Mtoto yuko kidato cha tano, unamuuliza mzazi wake: cheti cha kuzaliwa kipo? Anajibu: "Tumwachie Mungu." Jina la cheti linafanana na la shuleni? "Mungu atasaidia."

Mtume (S.A.W) aliulizwa na bedui: nimwache ngamia wangu bila kumfunga nimtegemee Allah, au nimfunge? Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hii tunaisoma kila Ramadhani. Sasa cheti cha kuzaliwa ndiyo kamba ya ngamia wa mtoto wako. Hukumfunga, amepotea, unalia na nani?

Na wanaosema mambo ya karatasi ni ya wazungu na ya serikali, nawauliza: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inazungumzia nini? Haizungumzii swala, wala funga, wala hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inazungumzia kuandika deni! Inaamuru deni la muda liandikwe, mwandishi awe muadilifu, mwenye kujua kuandika asikatae kuandika, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Allah ametuteremshia ukurasa mzima juu ya karatasi na mashahidi, sisi tunajifanya wacha Mungu kwa kuzidharau karatasi!

UDHURU WA PILI: "MKOPO WA BODI NI RIBA"

Hapa nitajianika mwenyewe. Wenyewe wameniruhusu kulisema bila majina.

Binti mmoja alinijia baada ya Isha, pamoja na mama yake. Amefaulu vizuri, chuo ameshapata. Akauliza kwa adabu: "Shekhe, mkopo wa Bodi unafaa kwetu?" Sikumuuliza masharti yake, wala sikuomba kusoma. Nilimjibu kabla hata sijakaa: "Ni riba hiyo mwanangu, jiepushe nayo." Wakashukuru, wakaondoka. Dirisha la maombi likafungwa bila yeye kuomba. Chuo hakwenda, maana mama yake ni mjane wa jembe la mkono. Leo anakaanga vitumbua, anawauzia abiria wa treni ya TAZARA.

Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea mwongozo wa Bodi na kuniambia: soma, shekhe. Nikasoma. Yaliyonipata usiku ule anayajua Allah.

Ukweli ni huu. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Huko nyuma mdaiwa alikuwa anatozwa asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lake, wakiita ni ya kulinda thamani ya fedha. Deni lilikuwa linakua kadiri muda unavyokwenda. Aliyesema wakati ule kwamba hapa pana shaka ya riba, alikuwa na hoja, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini Mei Mosi ya mwaka 2021, kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na kuanzia Julai ya mwaka huo ikaondolewa. Kilichobaki ni deni lenyewe, pamoja na ada ya uendeshaji inayotozwa mara moja. Wanazuoni wengi wa fiqhi ya miamala wanatofautisha gharama ya huduma inayojulikana na nyongeza inayozaliana kwa sababu ya muda.

Mimi nilimpa binti yule fatwa iliyokwisha muda wake. Nilimnywesha dawa bila kutazama tarehe kwenye chupa.

Kwa hiyo nawaambia maimamu na maustadhi wenzangu: sikulazimisheni kauli yangu. Mwenye shaka aichukue hati ya mkopo kama ilivyo leo, akae na wanazuoni wanaojua miamala, asome kifungu kwa kifungu. Akitosheka kuwa hafai, ni haki yake kujizuia, na wachamungu waliojizuia na mambo yenye shaka tunawaheshimu. Lakini ni haramu kufutu bila elimu, na hilo halina khilafu! Na ukimwambia mtoto wa maskini "acha mlango huu", mwonyeshe mlango mwingine. Ukifunga mlango ukarudi kwako kulala, hujalinda dini, umelinda jina lako tu.

Tena tazameni: hapa kwetu Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, tuliyopewa wakati wa Rais Mkapa. Vijana wetu waliosoma pale kwa mkopo wa Bodi hiyo hiyo wamerudi kuwa walimu wa watoto wetu. Mbona hao hatuwaulizi walilipiwa na nani?

Nilikwenda kwa mama wa binti nikamwomba radhi. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema: "Sisi tulikuuliza wewe kwa sababu ndiye tunayekuamini." Basi.

UDHURU WA TATU: "SISI MASKINI, HAYO YANA WENYEWE"

Mnamjua Imamu Ghazali? Hujjatul Islam, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, ambaye kila shekhe hapa humtaja. Alifiwa na baba akiwa mdogo. Baba yake alikuwa mtu duni, msokota sufi. Kabla ya kufa aliwakabidhi wanawe wawili kwa rafiki yake, mchamungu fukara, pamoja na akiba kidogo. Akiba ikaisha. Yule mlezi hakuwa na kitu. Hakuwaambia "Mungu atatoa, kachungeni mbuzi". Aliwaambia waende madrasa ambako mwanafunzi hupewa chakula na mahitaji yake, wajiandikishe kuwa wanafunzi. Wakaenda. Mwaka 1091 Ghazali alikuwa anafundisha Nizamiyya ya Baghdad.

Umeielewa hii? Imamu Ghazali alisoma kwa ufadhili! Na aliyemwokoa hakuwa tajiri. Alikuwa maskini mwenye habari. Pesa hakuwa nayo, lakini alijua mlango ulipo, na akawasukuma watoto waubishe.

Sisi umaskini wetu ni wa aina nyingine. Ada ya maombi ya mkopo kwa miaka hii imekuwa Sh 30,000. Dirisha hufunguliwa majira yale yale ya kuuza ufuta. Na majira hayo hayo ndiyo ya kutoa wali! Ngoma siku mbili, muziki wa kukodi, sare za ndugu, mchango unaandikwa daftarini na asiyetoa anasemwa. Mwali hakosi ngoma kwa umaskini wetu. Ila dada yake akitaka Sh 30,000 ya fomu, ghafla sote ni fukara.

Na wengine wetu tunaona haya. Kaya iko kwenye TASAF, lakini mzazi anamkataza mtoto kuandika, eti tutachekwa. Ndugu yangu, mwenye kupanga mkopo anatazama uhitaji: yatima, mwenye ulemavu au aliyezaliwa na mlemavu, mtoto wa kaya ya TASAF. Ukificha uhitaji wako kwa haya, usimlaumu aliyekuamini kwamba huna shida.

KAMBA YA NGAMIA NI HII

Sitaki tumalize kwa kulaumiana. Kijana wangu, binti yangu, uliye kidato cha tano na cha sita, na wewe mzazi, shikeni haya:

1. Cheti cha kuzaliwa kitafuteni leo. Msingoje matokeo. Kikishapatikana kinahitaji kuhakikiwa na RITA, na kutoka huku kwetu mpaka upate cheti na uhakiki ni siku na nauli. Masika mnaijua barabara ya Bigwa ilivyo. Na wenye watoto wachanga, wasajilini sasa wakiwa wadogo.

2. Aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo hivyo hivyo. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji.

3. Majina yalingane. Cheti kinasema Omari, shule imeandika Omary. Huku Ramadhani Saidi, kule Ramadhan S. Juma. Kwetu ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu wawili. Rekebisheni mapema kwa wakili, kwa hati inayotambulika.

4. Namba ya mtihani wa kidato cha nne itunzwe. Utakayoitumia kuomba chuo iwe hiyo hiyo ya kuombea mkopo. Na jueni kuomba chuo ni jambo moja, kuomba mkopo ni lingine. Wapo waliopata chuo wakakaa kungoja mkopo ambao hawakuuomba!

5. Mwongozo usomwe na mwombaji mwenyewe, kila mwaka, kwenye tovuti ya Bodi. Usisome wa kaka yako wa mwaka juzi. Msiwe kama mimi.

6. Ukienda stesheneri kujaziwa, tumia namba yako ya simu na barua pepe yako, na nywila uiandike wewe uiweke. Wako walioandikiwa namba ya mwenye duka, ujumbe wa kusahihisha makosa ukaenda kwa mwenye duka, mtoto hana habari.

7. Fomu ichapwe, isainiwe na serikali ya kijiji, mdhamini, na kamishna wa viapo, kisha irudishwe kwenye mfumo. Ukilipa ada bila kumaliza hatua hii, hujaomba.

Na mkopo si mlango pekee. Aliyefaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita aangalie Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Huo ni ufadhili, haurejeshwi. Wanaokwenda stashahada, tangu 2023/2024 Bodi imeanza kukopesha kwa fani za kipaumbele, kwa hiyo kutokwenda chuo kikuu si mwisho wa dunia. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, makao yake Jeddah, tangu miaka ya 1980 ina mpango wa kusomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama kama yetu, kwa mkopo usio na nyongeza yoyote. Wewe uliyesema riba, je, hili ulimwambia mtoto? Kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kuna ufadhili wa serikali ya Uturuki, na yote mawili huombwa mtandaoni bure.

Nasema tena: BURE. Akija mtu na kofia nzuri na Kiarabu kingi, akakwambia toa laki tatu nikupitishie jina Madina au Istanbul, huyo ni mwizi hata kama anaswali safu ya kwanza. Usimpe pesa, wala usimpe cheti halisi.

KWA MAIMAMU WENZANGU

Sisi tuna kitu ambacho ofisi yoyote haina. Tunajua nani amezaliwa, kwa sababu tunaitwa kwenye akika. Tunajua nani amekufa, kwa sababu tunazika. Tunajua nani yatima na nani mjane, kwa sababu tunagawa zaka na fitri. Basi elimu hii tuifanyie nini?

Kwenye akika, ukimaliza dua, uliza: mtoto ameshasajiliwa? Ukimaliza kuzika, usiondoke kabla ya kumteua mmoja wa ndugu, mbele za watu, aende kwa mtendaji kutoa taarifa ya kifo. Kuanzia sasa, mimi naona maziko hayajaisha mpaka cheti kipatikane. Na sanduku la Ijumaa moja kila mwaka, mwezi wa sita, liwe la fomu za watoto. Thelathini elfu haziwezi kuushinda msikiti uliojengwa kwa mamilioni.

Na ninyi mtakaopata, sikieni. Deni ni deni. Mtume (S.A.W) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akajizuia kumswalia, mpaka mmoja wa maswahaba alipolibeba lile deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara. Usikimbie, usijifiche, usiseme ni pesa ya serikali. Ile fedha unayorudisha ndiyo atakayopewa mdogo wako wa Kisaki. Ukila "boom" ukalikana deni, umemfungia mlango yatima mwenzako.

Yule binti wa vitumbua, mwongozo bado unamruhusu. Cheti chake kimeshahakikiwa. Ada yake ya maombi nimeitoa mimi, wala msinisifu, ni kafara ya ulimi wangu. Yule kijana, shughuli ya cheti cha marehemu baba yake inaendelea. Nimekwenda naye kwa mtendaji, nikatoa ushahidi nilioudaiwa miaka yote hii. Tulipotoka aliniambia: "Leo ndiyo umemzika, shekhe."

Ewe Allah, tusamehe tuliyoyapuuza na tuliyoyasema bila elimu. Wafungulie vijana wetu milango ya kheri, utufanye sisi wazee wao kuwa funguo, usitufanye kuwa makufuli. Amin.

Uliyesoma, usiniandikie "Mashaallah" ukapita. Inuka sasa hivi, fungua sanduku la nguo, tazama kama cheti cha mtoto wako kimo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.